Wapelekeni wanafunzi wa biashara Kariakoo

Mwaka wa masomo ukikaribia kwisha, wanafunzi wa shahada ya usimamizi wa biashara (BBA) huanza kuhangaikia nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Huzunguka na barua zao benki, halmashauri na mashirika ya umma. Wengi wanaopata huishia masjala, wakapanga mafaili na kutoa fotokopi hadi wiki zao zitimie, kisha wakaandika ripoti. Wanaopelekwa dukani ni wachache mno. Hilo linaniuma, maana shahada hii ninaiamini.

Mazoea haya yana chimbuko. Chuo Kikuu cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya kuandaa watumishi wa serikali za mitaa za wakati wa mkoloni. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kikaanzishwa 1965. Azimio la Arusha la 1967 likafuatiwa na kutaifishwa kwa benki na kampuni kubwa, nazo zikahitaji mameneja wazalendo. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kikaja 1972, na mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na kitivo cha biashara na menejimenti. Msomi wa biashara wa zama hizo alikuwa ofisa mtarajiwa, na meza yake ilikuwa inamsubiri. Miaka ya 1990 mashirika mengi yakabinafsishwa, mengine yakafa. Meza zikapungua, lakini bado tunamfundisha kijana kana kwamba ipo moja yenye jina lake.

Sasa chukua mama mwenye fremu ya vitenge Kariakoo, eneo la soko kubwa la Dar es Salaam. Amechukua doti 100 kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa kuaminiana, kila moja shilingi 12,000, na ameahidi kulipa mwisho wa mwezi. Anauza 15,000. Doti 60 zimelipwa taslimu, 40 zimekwenda kwa wateja wake wa mikoani, nao watalipa wakishauza. Mzigo umekwisha na daftari linaonyesha faida ya 300,000. Ila mkononi ana 900,000, na tajiri aliyempa mzigo anadai 1,200,000. Hapo hatujagusa kodi ya fremu, ambayo wenye majengo wengi huitaka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, wala makadirio ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato.

Mama huyu hajapata hasara, na bado anaweza kufunga duka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amefundishwa tofauti ya faida na mzunguko wa fedha, na anajua kuchora jedwali la fedha zinazoingia na kutoka wiki kwa wiki. Jioni moja tu ingetosha kumwonyesha mama kwamba mteja wa mkoani apewe wiki mbili badala ya kusubiriwa hadi auze, au doti za kukopesha zisizidi 20. Kwa hiyo wanaosema BBA ni karatasi tupu wanawakosea sana vijana hawa. Elimu wanayo. Hawajapewa mahali pa kuitumia.

Naye kijana angeondoka na mengi: namna ya kumdai mtu bila kumpoteza, jinsi winga, yaani dalali anayeleta wateja dukani, anavyopanga bei yake juu ya bei ya duka, na kwa nini neno la mtu sokoni linaweza kumpatia mzigo ambao benki isingemkopesha bila hati ya nyumba. Mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kumpa hayo.

Najua kikwazo. Mfanyabiashara hafungui daftari lake mbele ya mgeni, na hofu yake ina msingi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia masuala ya kodi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mwanafunzi mmoja mmoja mwenye barua mkononi. Chuo kikae na viongozi wa wafanyabiashara, kiandikiane nao kwamba hesabu za duka hazitatoka nje, na mhadhiri awe anapita dukani kila wiki. Ripoti isahihishwe kwa kuangalia kilichobadilika kwenye duka lile.

Kwa kijana anayejaza fomu za udahili mwaka huu, kabla hujachagua chuo, uliza wanafunzi wa mwaka jana walifanyia wapi fildi. Ukitajiwa ofisi tupu, uliza na chuo kingine.