Osileta ya kujiundia: kabla ya kulaumu PWM, pima volti inayoilisha

Wanaojiundia sinthesaiza nyumbani wamegawanyika juu ya swali moja: noti itoke vipi kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, hadi ifike kwenye osileta, saketi inayotoa sauti yenyewe? Kuna wanaotumia PWM. Pini huwaka na kuzima upesi sana, na kadiri inavyokaa muda mrefu ikiwa imewaka, ndivyo volti ya wastani inavyopanda. Rezista na kapasita huyalainisha mapigo hayo yakawa volti iliyotulia. Wengine wanaona huo ni ubahili tu: nunua chipu ya DAC, inayogeuza namba moja kwa moja kuwa volti, umalize kazi.

Wa DAC wana hesabu mkononi. Osileta nyingi za analojia hufuata kanuni ya volti 1 kwa oktava, na oktava ina nusu toni 12, kwa hiyo nusu toni ni kama milivolti 83. Amri ya analogWrite, inayotoa PWM kwenye Arduino Uno, ina hatua 256 tu kati ya sifuri na volti 5, yaani karibu milivolti 20 kila hatua. Nusu toni nzima inaambulia hatua nne na ushee. Noti inaweza kupotoka kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya nusu toni, na mpiga kinanda yeyote atakunja uso.

Kuna baya zaidi. Pini nyingi za Uno hupiga mapigo 490 tu kwa sekunde. Weka rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, kisha tazama kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti: volti bado inapanda na kushuka kwa karibu robo volti, sawa na nusu toni tatu. Sauti inatoka na mkwaruzo. Ukiongeza kapasita hadi mtikisiko ubaki milivolti 1, noti itahitaji zaidi ya sekunde 15 kutulia mahali pake. Hapo hupigi muziki, unasubiri basi.

Lakini hoja hizo zinaishinda PWM ya mvivu, si PWM yenyewe. Taima namba 1 ya Uno, saa ya ndani inayopanga mapigo, inaweza kupangwa itoe hatua 1,024 kwa mapigo 15,625 kila sekunde. Kosa linashuka hadi kama senti 3, yaani sehemu 3 kati ya 100 za nusu toni, na mtikisiko uliobaki una kasi kubwa mno kusikika kama noti inayoyumba. Kichujio kilekile cha rezista na kapasita sasa kinafaa, ingawa kwa mruko wa oktava noti bado huteleza kwa milisekunde 70 hivi kabla ya kutulia. Kwa besi ya taratibu hakuna atakayelalamika. Kwa noti za kukimbizana utelezi unasikika.

Kinachonishangaza ni kwamba pande zote mbili hugombania hatua na mapigo, huku volti yenyewe ikiachwa. Pigo la PWM hupanda hadi volti inayoilisha chipu. Umeme wa USB unaruhusiwa kupanda na kushuka kidogo kutoka volti 5. Ukishuka kutoka 5 hadi 4.9 kwa sababu umewasha taa chache, noti iliyokuwa kwenye volti 4 inapoteza milivolti 80, karibu nusu toni nzima, ilhali noti ya volti 1 inapoteza 20 tu. Oktava zinabanana, na ukizirekebisha kwa skrubu ya osileta, zitaharibika tena volti ikibadilika.

Na DAC si kinga. MCP4725, ambayo wengi huikimbilia, ina hatua 4,096, lakini hupima kwa volti ileile inayoilisha. Ugonjwa ni uleule, ila umevaa suti. MCP4822 ni tofauti: ina ndani volti yake ya rejea, yaani volti thabiti ya kupimia, na hutoa hadi 4.096, milivolti 1 kila hatua. Mwenye PWM anaweza kufika karibu na hapo kwa kupitisha mapigo kwenye geti la CMOS, chipu rahisi ya kuwasha na kuzima, linalolishwa na chipu ya rejea kama REF02, mradi ana volti 12. Ila sasa ameongeza chipu mbili kukwepa kununua moja. Hapo mimi huchukua MCP4822.

Hesabu inageuka osileta isipohitaji kuimba noti sahihi. Chukua 40106, chipu ya bei ndogo inayotoa osileta sita, uiunge na LED na rezista ya mwanga vilivyofungwa pamoja kwa utepe mweusi. PWM huiwasha LED, na mwanga wake hubadilisha rezista inayopanga kasi ya osileta. Rezista hiyo ni nzito kuitikia, kwa hiyo yenyewe hulainisha sehemu kubwa ya mapigo ya PWM. Kichujio si lazima. Kuweka DAC ya hatua 4,096 mbele ya kitu kinachobadilika hata kwa joto la chumba ni kupoteza fedha.

Mashine yangu ingekuwa hivi: njia moja ya MCP4822 kwa noti, ya pili kwa osileta ya pili, na pini za PWM zibaki kwa vibrato, kichujio cha sauti na ngoma.