Kushindilia makaa ya mawe: faida ya koki na hatari ya ukuta

Ziingie kilo ngapi za makaa ya mawe katika kila mita ya ujazo ya tanuri la koki, yaani tanuri la kuoka makaa bila hewa mpaka yawe koki, kuni za tanuru la kuyeyushia chuma? Wenye viwanda vya chuma hawajaafikiana. Makaa yaliyosagwa na kumwagwa kutoka juu hutulia kwenye kilo 750 hivi. Yakishindiliwa kwa nyundo za mashine mpaka yawe bonge moja refu kama mkate, kisha bonge likasukumwa ndani kupitia mlangoni, hufika kilo 1,000 na zaidi.

Wanaotetea kushindilia wana hoja nzito. Kati ya nyuzi joto 350 na 500 za Selsiasi hivi, makaa hulainika kama uji mzito. Chembe zilizo karibukaribu hushikana vizuri zaidi, na koki inayotoka huwa ngumu, haivunjikivunjiki inapobeba mzigo ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma. Kwa hiyo hata makaa dhaifu, yaani yasiyoshikana vizuri yenyewe, hupata kazi. Ndiyo maana jimbo la Saar nchini Ujerumani, ambalo makaa yake yana gesi nyingi, lilishika njia hii, na kiwanda cha chuma cha Jamshedpur nchini India kikaifuata mwishoni mwa miaka ya 1980. India huagiza makaa bora kwa meli, mengi kutoka Australia na mengine kutoka Moatize, Msumbiji. Kila tani ya makaa dhaifu inayoingia katika mchanganyiko huokoa fedha za kigeni.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Makaa yanayolainika hutoa gesi, na yakisongamana mno gesi hukosa pa kupitia, ikaanza kusukuma kuta. Kuta hizo ni za matofali ya silika, ambayo hayapendi kupoa, kwa hiyo ufa hurekebishwa tanuri likiwa bado na moto. Kiwanda cha koki cha Schwelgern mjini Duisburg, Ujerumani, kilichoanza kazi mwaka 2003 kikiwa na matanuri ya kimo cha zaidi ya mita 8, kilibaki na mtindo wa kumwaga kutoka juu. Tena bonge lililoshindiliwa huhitaji maji ya asilimia 10 hivi lisibomoke, na maji hayo yote lazima yachemshwe. Bonge pia hutengenezwa jembamba kuliko tanuri ili lipite, kwa hiyo sehemu ya msongamano uliopatikana kwa nyundo hupotelea kwenye nafasi iliyobaki pembeni.

Kwangu mimi, kasoro kubwa iko kwenye kupima msongamano wenyewe. Kipimo cha siku nyingi ni sanduku la futi moja ya ujazo, lita 28 hivi: unamwaga makaa, unasawazisha juu, unapima uzito. Aliyewahi kununua mahindi kwa debe anajua debe lililotikiswa na lisilotikiswa hayalingani. Makaa yanayodondoka mita kadhaa hujishindilia chini ya matundu ya kumwagia na kubaki yamelegea kwingine. Kugawa uzito ulioingia kwa ujazo uliojaa ni bora kuliko sanduku, ingawa nako hupati ila wastani.

Halafu kuna maji. Fundi ujenzi anajua mchanga wenye unyevu hujaza karai upesi kuliko mkavu. Makaa ni vivyo hivyo: msongamano hushuka kadiri unyevu unavyopanda, mpaka asilimia 8 hivi, kisha huanza kupanda tena. Wengine hunyunyizia mafuta kidogo ili chembe ziteleze. Wajapani, katika kiwanda cha chuma cha Oita, walianza mwaka 1983 kukausha makaa kabla ya kuyaingiza tanurini. Faida ni kubwa, lakini ukikausha kupita kiasi vumbi linakuwa adha.

Naunga mkono kushindilia kwa makaa dhaifu yenye gesi nyingi. Makaa yanayovimba sana yasishindiliwe kabla ya kujaribiwa katika tanuri dogo lenye ukuta unaosogea, unaoonyesha nguvu ya msukumo. Na vyovyote iwavyo, unyevu udhibitiwe kwanza. Wiki ya jua kali ikifuata wiki ya mvua, anayejaza kwa ujazo uleule anaingiza tani nyingi zaidi bila kujua, huku moto ukiwa uleule. Saa zikitimia, katikati hapajaiva na koki haijasinyaa kuachana na kuta. Mashine ya kusukuma koki nje inakwama, mwendeshaji anaongeza nguvu, na nguvu hiyo inaishia kwenye matofali.