Makofi Hayalipi Kodi ya Nyumba

Uliza kwa nini wahudumu wa wazee Uingereza waliacha kazi kwa wingi baada ya korona, utaambiwa walichoka. Kuchoka walichoka. Lakini aliyechoka hupumzika akarudi. Hawa walikwenda kupanga bidhaa madukani na kwenye maghala, na hawakugeuka nyuma. Maoni yangu ni kwamba korona iliwaonyesha bei yao.

Chukua malipo ya ugonjwa tu. Mwaka 2020, mhudumu aliyeambiwa ajitenge nyumbani, kama mwajiri hakuongeza kitu, alipata pauni 95.85 kwa wiki. Abaki nyumbani kodi imshinde, au aende kazini na pengine ampelekee kifo bibi anayemwogesha kila asubuhi? Utafiti uliofanywa mwaka huohuo ulikuta kwamba makao ya wazee yaliyowalipa wafanyakazi wakiugua yalikuwa na maambukizi machache zaidi. Huruma ya aina hiyo ingeokoa hata wazee wenyewe.

Wakati huo hospitali zilikuwa zinawatoa wazee na kuwapeleka kwenye makao bila kuwapima. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema sera ile ilikuwa kinyume cha sheria. Aliyewapokea mlangoni ni mhudumu. Aliyewashika mkono wakikata roho, ndugu wamezuiwa kuingia, ni yeye yule. Mwaka 2020, ilipofika Alhamisi saa mbili usiku, taifa zima lilitoka nje kumpigia makofi.

Kufikia 2021/22, nafasi 165,000 za kazi hizi England hazikuwa na mtu. Badala ya kuongeza mshahara wa maana, serikali ilifungua viza Februari 2022, na watu wetu wakaja, wengine wakiwa wameuza mashamba ili kuwalipa mawakala. Machi 2024 waliofuata wakakatazwa kuja na wenza na watoto. Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Pengo lilelile sasa litazibwa na nani, sijasikia.

Ndiyo maana semina za afya ya akili kwa wahudumu hunikera kidogo. Si mbaya, na wapo wanaozihitaji kwelikweli. Vifo vile haviondoki kichwani kirahisi. Ila mhudumu anayezunguka nyumba hadi nyumba kuwahudumia wazee bila kulipwa muda wa njiani, ukimwita kwenye semina ya kupunguza msongo, atakuuliza kwanza kama saa hiyo nayo inalipwa.