Kituo cha usonji Mbeya: nani alipe, na alipe lini?

Kwenye meza ya mapokezi ya kituo kimoja kidogo cha tiba ya watoto hapa Mbeya mjini kuna kaunta buku la kwaya mbili. Limepigwa mistari kwa rula: jina la mtoto, tarehe, kilicholipwa, baki. Januari hadi Machi safu ya baki imejaa. Juni na Julai majina mengi yamekatwa kwa kalamu nyekundu, maana yake deni limeisha. Mwenye kituo, mama aliyesomea tiba kwa vitendo, aliniambia hana haja ya kuuliza kama mpunga wa Mbarali umetoka vizuri. Daftari litamwambia.

Mtoto mwenye usonji (autism) anahitaji mazoezi ya kila wiki. Pesa ya Nyanda za Juu Kusini, ukiwatoa waajiriwa, huja kwa msimu. Mvua zinaanza Novemba, pesa iliyopo inaingia kwenye mbegu na mbolea, Januari ada na sare za shule zinamalizia kilichobaki. Mwenye nyumba hajali hayo. Anataka kodi ya miezi sita mkononi, na LUKU haikopeshi.

Tupige hesabu ya mezani. Kipindi kimoja kikiwa shilingi 25,000, mara mbili kwa wiki, ni laki mbili kwa mwezi. Mama anayetoka Tukuyu anaongeza nauli ya kilomita zipatazo 70 kwenda, na nyingine kurudi. Nilimkuta mmoja akiwa amelipia viti viwili vya Costa, kwa sababu mwanawe hawezi kubanwa na watu. Siku aliyojaribu kumpakata, mtoto alianza kupiga kelele Kiwira, na hadi wanafika Uyole abiria walikuwa wameshamhukumu kwamba hajui kulea. Baada ya hapo aliamua bora nauli mbili. Kwa mzazi huyu bei ya tiba inaanza stendi.

Wapo wanaosema hii haikupaswa kuwa biashara kabisa. Hoja yao ina uzito. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia utengamao, yaani huduma za kumsaidia mtu aweze kujitegemea, kama haki, na haki haipimwi kwa mavuno. Pia wanaogopa kitu ambacho wenye vituo hawapendi kukisikia: anayelipwa kwa kipindi ananufaika vipindi vikiwa vingi. Utafiti maarufu wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa mwaka 1987, kule California, ulitumia takriban saa 40 kwa wiki za kufundisha tabia kwa watoto 19 wenye usonji, na ukadai kwamba 9 kati yao walifikia kiwango cha kawaida. Kwa bei yetu ya mezani, na kipindi kikiwa saa moja, hiyo ni shilingi milioni moja kwa wiki. Tena watu wazima wengi wenye usonji huko ughaibuni wamezilaumu mbinu hizo kwamba zilimfundisha mtoto kujificha kuliko kuishi. Kuuza saa nyingi si lazima iwe kuuza tiba.

Wengine wanajibu kwamba huduma ya bure ina ugonjwa wake. Mfadhili hununua bembea na mipira ya mazoezi, hupiga picha, lakini mshahara wa mwaka wa tatu hautaki. Mradi ukiisha, bembea inabaki na kutu. Mzazi anayelipa, hata kwa deni, anaweza kugomba. Iringa kuna Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha, ambako watu wenye ulemavu wanatengeneza na kuuza bidhaa za mikono, na mgahawa wake unahudumiwa na viziwi. Ni mfano mzuri, ila Iringa iko njiani kwenda Hifadhi ya Ruaha, watalii wanapita. Sioni nani angenunua bidhaa za namna hiyo kwa wingi sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya.

Basi bima? Wengi wanaiweka hapo tumaini lote. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, kwa maelezo kwamba waliojiunga wengi walikuja tayari wagonjwa. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mimi naitaka bima, lakini sidhani itaviokoa vituo peke yake. Marekani majimbo yote yanalazimisha bima kulipia tiba ya usonji, na bado CARD, moja ya kampuni kubwa kabisa za tiba hiyo, iliyonunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone mwaka 2018, iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2023. Mishahara na kodi za majengo vilikuwa vimeizidi.

Sisi wataalamu wenyewe ni wa kuhesabu, wengi tumepita chuo cha KCMC, Moshi. Unamfundisha msaidizi mwaka mzima, majina ya ajira yanatoka, kesho yake anaaga. Simlaumu, hata mimi ningeenda.

Ninachoona ni kwamba kosa liko kwenye kuuza kipindi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kundi na kutembelewa nyumbani mara tatu. Kitu cha namna hiyo kinaweza kuuzwa kwa mkupuo, baada ya mavuno, kwa kupitia kikoba. Mtaalamu apande Costa kwenda Tukuyu, badala ya akina mama wanane kuja mjini.

Kasoro zipo. Kuna mtoto anayehitaji mikono ya mtaalamu hasa. Kuna mama asiyetaka jirani ajue, maana ameshasikia neno “karogwa” mara nyingi. Na mwenye kituo aliniuliza bila kupepesa macho, “Nikishawafundisha wote, nani atabaki kunilipa?”

Nilimpa hesabu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2021 ni mtu mmoja kati ya 127. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mbeya na watu 2,343,754. Kwa kadirio hilo ni zaidi ya watu 18,000, wakubwa kwa wadogo. Kituo chake kina watoto 23.

Alicheka kidogo, akafungua kaunta buku ukurasa wa nyuma. Alikuwa ameshapiga mistari minane na kuandika juu “Tukuyu, Juni”. Majina yaliyojazwa yalikuwa matatu, na mbele ya moja kulikuwa na alama ya kuuliza.