Namlilia Kibibi, na safari ya pikipiki ya Sturgis iko palepale

Kinachoamka kwanza kwa oposamu, mnyama mdogo wa mwituni wa Marekani, ni masikio. Mnyama huyu akishikwa na hofu kubwa huanguka ubavu, mdomo wazi, ute ukimchuruzika, akatoa harufu ya mzoga. Watu husema anajifanya maiti. Hajifanyi. Ni mwili wenyewe unaozima, yeye hana hiari. Anaweza kulala hivyo dakika chache au saa kadhaa, kisha sikio likacheza, likacheza tena kusikiliza kama adui kaondoka, ndipo kichwa kiinuke.

Ndiyo maana Jumanne ile, nilipofungua kizimba nikamkuta Kibibi, oposamu tuliyekuwa tukimuuguza, kalala ubavu, sikulia. Nilivuta kiti nikakaa kulitazama sikio la kushoto, lile lililoliwa na barafu likabaki na ukingo wa kukatikakatika. Mama mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye kibali cha jimbo cha kuuguza wanyamapori, alikuja na kikombe cha kahawa akasimama nyuma yangu. Hakusema kitu. Tulingoja zaidi ya saa nzima. Kisha akainama, akamwekea kiganja tumboni, akasema, "Keshapoa."

Kibibi aliletwa Februari, na mwenye kuijua Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ninakoishi, anajua Februari yake. Oposamu ni mnyama wa kusini aliyepanda kaskazini taratibu, kizazi baada ya kizazi, lakini masikio na mkia wake bado ni vya kusini: vitupu, havina manyoya ya kuvikinga. Halali usingizi wa majira yote ya baridi kama wanyama wengine wa huku; njaa humtoa nje hata theluji ikiwa magotini. Huyu alikutwa nyuma ya rundo la kuni ndani ya gereji ya mtu, ncha ya mkia imekuwa nyeusi kama mkaa. Daktari wa mifugo aliikata. Mimi, anayejitolea jioni kabla ya zamu, nikapewa kazi ya chakula chake, na ni kazi ya kupima, kwa sababu oposamu asipopata kalisi ya kutosha mifupa yake hulegea hadi ashindwe kusimama. Alikuwa akila yai kwa mikono miwili, anatafuna kwa kelele, meno yote hamsini kazini. Miguu yake ya nyuma ina kidole gumba kisicho na kucha, na siku moja alinishika nacho kidole changu juu ya glavu, akaendelea kula bila kuniachia. Tulipanga kumwachilia Juni. Kidonda cha mkia kikachelewa kufunga, tukasogeza mbele hadi Julai. Daktari anasema maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu.

Nilipompigia dada yangu Malindi, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, wamlilia panya?"

Si panya. Ni jamaa wa kangaruu, na Marekani yote kaskazini ya Meksiko hakuna mwingine wa asili mwenye mfuko wa kulelea tumboni. Watoto wake huzaliwa baada ya siku kumi na tatu hivi, kila mmoja mdogo kama punje ya haragwe, wakatambaa wenyewe hadi mfukoni. Lakini nilipokata simu niliona nimemjibu vibaya. Nilikuwa namtafutia Kibibi sifa, kana kwamba angekuwa panya nisingekuwa na haki ya kumlilia.

Huku nako wanaompenda oposamu hufanya vivyo hivyo. Watakuambia anakula kupe elfu tano kwa msimu, kwa hiyo anatukinga na maradhi. Hesabu hiyo ilitokana na jaribio la vizimbani lililochapishwa mwaka 2009. Mwaka 2021 watafiti walipochunguza matumbo ya oposamu 32 wa Illinois hawakukuta kupe hata mmoja. Sasa je, tumpunguzie huruma? Mimi naona hoja ya faida tuiache kabisa. Kibibi hakunifaa kwa lolote. Alikuwa hai, alitaka kuendelea kuwa hai, na mwituni mwenzake akifika miaka miwili amebahatika. Miezi mitano katika umri huo ni sehemu kubwa, na aliipitisha mbele ya macho yangu.

Swali hilohilo la faida naulizwa kuhusu pikipiki. Nyumbani halikuwapo: nilikuwa boda boda kati ya Malindi na Gede, pikipiki ilikuwa unga na karo. Huku wenzangu wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi wanashangaa mtu mzima kuendesha karibu kilomita elfu moja kwenda kutazama pikipiki za wengine. Mkutano wa Sturgis, South Dakota, ulianza mwaka 1938 na washindani tisa. Siku hizi, kila mwanzo wa Agosti, mji wa watu 7,000 hivi hupokea mamia ya maelfu, na barabara kuu hujaa pikipiki pembeni na katikati. Naenda kwa sababu napenda. Tangu Kibibi afe nimeona aibu kidogo kufurahia safari hii, na aibu hiyo nimeamua kutoibeba.

Karibu na mji upo mlima Waamerika wa asili wa kabila la Lakota wanaouita Mato Paha. Wanakwenda kuomba pale, na huacha vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye miti, jambo ambalo mtu wa pwani aliyewahi kuona vitambaa vyeupe na vyekundu mizimuni halimshangazi. Wazee wao wamelalamikia sana baa na kelele za mkutano kusogea karibu na mlima, nami nawaunga mkono. Upande ule sitapita na pikipiki.

Nitashika barabara namba 14, si barabara kuu ya mwendo kasi, kwa sababu ya 14 inaruhusu mtu kusimama. Majira haya mama oposamu huwa na watoto mfukoni, na wengi hugongwa usiku. Mama akiwa amekufa, watoto wanaweza kuwa hai ndani. Usiwachomoe, wameng'ang'ania chuchu na utawaumiza midomo. Mchukue mama mzima, mfunike, mfikishe kwa mwenye kibali.

Tairi la nyuma ni jipya, oili nimebadilisha jana. Katika mkoba wa kushoto nimeweka glavu, sanduku la kadibodi lililokunjwa, na taulo la buluu alilokuwa akilalia Kibibi. Nimelifua mara mbili, bado lina harufu yake.