"Zima gari!" "Halijawaka!"

Kwanza mnielewe: gari halikuwa limewaka. Nalitanguliza hili kwa sababu jirani wa mama pale Kiwira mpaka leo anasimulia kilabuni kwamba niliwasha Subaru nikaliingiza kwenye banda lake la nguruwe. Sikuwasha. Plagi zote nne zilikuwa mezani kwa mama, juu ya gazeti, karibu na sahani ya ndizi. Gari lisilo na plagi linawakaje?

Gari lenyewe ni Forester ya mwaka 1998, ya turbo, yaani ile feni ndogo inayoisukumia injini hewa, gia za mkono, ile yenye tundu juu ya boneti ambalo watoto pale huliita pua. Baba mdogo aliinunua kwa mbwembwe, akaiendesha mpaka bei ya petroli ilipomnyoosha, na mwaka 2018 akaliegesha uani kwa mama, kwenye mteremko. Akatia jiwe mbele ya tairi, akapanda Coaster, akaenda zake. Miaka sita baadaye akaniambia, "Ukiliamsha, lako."

Mimi nauza vifaa vya simu Mwanjelwa, Mbeya mjini. Magari nayajua kama abiria. Lakini nina fundi, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, na siku hiyo alinipa mengi.

"Turbo usiichezee. Ile shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoibeba ni oili. Inaelea. Sasa miaka sita oili yote imeshashuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Ukipiga stata likawaka hapo hapo, shafti inazunguka kavu, inakula bushi kabla oili haijapanda. Toa plagi. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli. Zungusha injini kwa stata tu, sekunde kumi, pumzika dakika, zungusha tena, mpaka taa nyekundu ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe plagi uwashe."

Alitaka elfu hamsini na nauli aje afanye mwenyewe. Nikaona huo ni wizi. Nikamwambia simu ninayo, bando ninalo, utanielekeza. Akaguna, kaguno ambako ningekazingatia ningekuwa nimeokoa fedha nyingi.

Basi nikawa napanda Coaster kila Jumamosi. Petroli ya zamani niliifyonza kwa mpira. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi na inanuka vanishi ya seremala. Oili mpya, chujio jipya, betri mpya. Mkanda wa taimingi nilimlipa kijana mmoja wa gereji aje aubadilishe, maana ukikatika kwenye injini ile, valvu na pistoni zinakutana uso kwa uso. Kwenye boksi la chujio la hewa nikakuta panya wamefungua ghala: magunzi, maharage, na kipande cha kitenge ambacho mama alimsingizia wifi yangu mwaka mzima. Takataka zile ndiyo zingekuwa chakula cha kwanza cha turbo. Breki zilikuwa zimeganda kwa kutu; nikazigonga na nyundo hadi zikaachia. Tairi nikazijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, kazi ambayo simtakii adui.

Kutoa plagi za Subaru ni mateso ya peke yake. Injini imelala, silinda mbili zinatazama kulia na mbili kushoto, na plagi zimejificha ubavuni. Ni kama kumkamua ng'ombe kupitia dirishani. Nilichubuka vidole vyote. Nikatia kijiko cha oili kila silinda, nikaiacha inywe usiku, asubuhi nikaishika puli ya krenki kwa spana ya 22 na kuizungusha kwa mkono. Ikagoma, ikaguna, ikakubali. Nilifurahi mpaka nikampigia baba mdogo.

Kisha nikatazama lile jiwe mbele ya tairi. Dogo. Gari sasa lina upepo, breki zimeachia, na handibreki ukiivuta inakuja juu bure kama mkono wa mwavuli, waya wake umeshaoza. Nikaona busara nilitie gia ya kwanza lisije likateremka usiku. Fundi alipokuja kusikia habari hii alicheka mpaka akakaa chini: gia inashikilia gari kwa sababu injini ina mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na mgandamizo wote nilikuwa nimeutoa pamoja na plagi. Kilichokuwa kinalizuia ni lile jiwe tu.

Sasa kuku.

Kioo cha dereva kilikuwa kimekwama chini tangu enzi za baba mdogo, na kuku wa mama, yule mwekundu, alikuwa ametaga mayai kumi na moja kwenye kiti cha dereva na ameyaatamia. Siku ya kumi na mbili. Nilipotaka kumhamisha mama alisimama mlangoni na mwiko.

"Kuku huyo usimguse, mwanangu. Gari limesubiri miaka sita, litashindwa kusubiri siku tisa?"

Ningesubiri. Lakini watu walikuwa wameshajaa uani. Watoto, wapita njia, na jirani mwenyewe, amekaa kwenye gogo na kikombe chake cha kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, anauliza kama hilo gari litatangulia kufa kabla ya betri au betri kabla ya gari. Mtu wa Mwanjelwa unarudije nyuma mbele ya maneno kama hayo? Nikasema sihitaji kukaa kwenye kiti. Nitazungusha nikiwa nje, mkono dirishani. Ni kuzungusha tu, haliwaki.

Nikakumbuka gia. Nikapitisha mkono juu ya kuku kwenda kuitoa. Kuku akanidonoa kwenye mshipa wa kiganja, donoo la mama mzazi. Nikagusa kirungu cha gia kwa ncha za vidole, nikaona kimelegea, nikajiambia hiyo ni nyutro. Ningezunguka mlango wa abiria nikaishike vizuri. Sikuzunguka.

Nikapiga stata. Gari likainua kichwa, likarudi. Nikawaambia watu injini inajinyoosha. Nikapiga tena, safari hii nikaihesabu kwa sauti kama mwalimu wa mazoezi: moja, mbili, tatu. Kwenye nne tairi likapanda jiwe. Kwenye tano likashuka upande wa pili.

Nikaachia ufunguo. Gari halikuachia. Lilikuwa limeshaonja mteremko.

"Zima gari!" jirani akapiga kelele, kikombe juu.

"Halijawaka!" nikajibu, nakimbia ubavuni na mkono wangu bado uko ndani.

"Nasema zima!"

"Nizime nini? Halijawaka!"

Na kweli, hebu nisaidieni. Gari halina plagi, halina petroli, linakwenda. Unazima nini? Nilivuta handibreki, ikaja juu na kushuka. Kila nikinyoosha mkono kwenye usukani kuku ananidonoa, hapo hapo, bila kuinuka hata inchi moja kwenye mayai yake. Tukapita pamoja kwenye kamba ya nguo, vitenge viwili vya mama vikashika kwenye ile pua ya boneti, na gari likaendelea kuteremka limejifunga kama shangazi anayekwenda kwenye sendi-ofu. Mwendo wenyewe haukuwa wa kutisha. Mzee mwenye mkongojo angelipita. Ndiyo maana aibu ilikuwa kubwa. Kila mtu alipata nafasi ya kutazama vizuri.

Banda la nguruwe lilikuwa la mabanzi. Likafunguka taratibu, banzi moja moja, kama mtu anayefungua mlango wa mgeni. Gari likasimama nusu ndani nusu nje. Nguruwe jike, mkubwa, akatoka upande wa pili bila haraka, akatutazama, akaenda kwenye migomba.

Pakawa kimya. Simu ikaita. Fundi.

"Vipi, umezungusha?"

"Nimezungusha."

"Taa ya oili?"

Nikachungulia dashibodi. Lilipokuwa linateremka lilikuwa bado kwenye gia, tairi zikawa zinaizungusha injini na pampu ya oili nayo inafanya kazi, tena vizuri kuliko stata. Sasa taa imewaka kwa kuwa tumesimama, lakini kule mteremkoni, katikati ya madonoo, niliiona kwa macho yangu imezimika.

"Ilizimika, fundi."

"Safi sana. Basi turbo imepata oili. Rudisha plagi, washa."

"Haiwezekani leo."

"Kwa nini?"

"Lipo kwenye banda la nguruwe."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo angeliuliza dakika kumi kabla ningemlipa hiyo elfu hamsini: "Ulihakikisha iko nyutro?"

Nguruwe alirudi mwenyewe jioni na akalala chini ya bampa, ameliona kama ukuta mpya. Nilinunua mabanzi, misumari, na debe la pumba la kumpoza jirani. Gari lilikaa palepale siku tisa. Mama aliapa haliondoki mpaka kuku amalize, na jirani akawa anakuja kila asubuhi kuuliza hali ya mayai kuliko hali yangu. Vikatoka vifaranga kumi.

Siku hiyo nikafuta kinyesi kwenye kiti, nikakaa mwenyewe. Plagi zimerudi, fyuzi imerudi, lita kumi za petroli mpya. Gia niliitazama kwa macho, nikaitikisa kushoto kulia, nikakanyaga klachi, nikakanyaga breki. Likawaka kwa mzungusho wa pili. Sikugusa mafuta, nikaliacha liungurume polepole. Turbo haikupiga filimbi. Vijiko vyangu vinne vya oili, ndiyo, viliungua vyote kwa mpigo, na ekzosi ikatema wingu jeupe lililofunika banda, migomba, na ua wote wa jirani. Punje za mahindi ambazo panya walizificha kwenye ekzosi zikaruka nyuma, kuku na vifaranga vyake wakazikimbilia.

Kutoka ndani ya moshi nikasikia, "Zima gari!"

Kwa mara ya kwanza alikuwa na hoja. Nikatoa kichwa dirishani.

"Subiri dakika moja, jirani! Turbo haizimwi ghafla!"