Injini ya rodi inaonewa bure

Mjadala wa pikipiki ukianza lazima atokee mtu aseme hizi za Kichina zenye injini ya rodi (kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, iko chini na inazisukuma kwa vijiti virefu) ni teknolojia ya mababu, nunua Boxer au TVS zenye kamshafti juu kwenye hedi basi. Mimi naona hapo rodi inaonewa, na wengi wanaoiponda hawajajiuliza imetoka wapi mpaka ikatufikia.

Super Cub ya Honda ya 1958 ilitoka na rodi. Miaka ya sitini Honda hao hao wakaipandisha kamshafti kwenye hedi, CB125 nayo ikaja hivyo hivyo. Halafu 1976 wanatoa CG125, ndiyo hii Wachina wanayoinakili, injini mpya kabisa, na wamerudi kwenye rodi! Hawa ni watu waliokuwa wameshashinda ubingwa wa dunia kwa injini za kuzunguka kasi ya ajabu, huwezi kuniambia walikuwa hawajui kutengeneza kamshafti ya juu. Walikuwa wameona jinsi pikipiki zinavyotumika kwenye nchi zinazoendelea, mzigo kupita kiasi, vumbi, na oili mtu anaongezea tu ikipungua, kumwaga mpaka siku injini ianze kulia.

Na oili ndo kesi yenyewe. Kamshafti ikiwa juu inakaa kwenye joto kali, halafu ni sehemu ambayo oili inafika mwisho, kwa hiyo oili ikipungua au ikiwa tope pale ndo panaanza kuumia, na kuna injini ambazo kamshafti inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya hedi, hakuna beringi ya kubadilisha, ikilika unatafuta hedi nzima. Kwenye CG kamshafti iko chini karibu na krenki, inazungushwa na gia, hakuna ile cheni ya taimingi inayozungusha kamshafti ya juu, ya kulegea, wala tenshena ya kuikaza ya kufa, na kamu moja tu (nundu ya kamshafti) inafungua valvu zote mbili. Haimaanishi haifi bila oili, inakufa, ila inakupa muda zaidi.

Njoo kwa fundi wa chini ya mwembe sasa. Akivua hedi ya injini ya cheni, yaani yenye kamshafti juu, wakati wa kurudisha lazima alama ya sproketi ya juu ikae sawa huku alama ya T kwenye magneto nayo imelingana, akiruka jino moja pikipiki inawaka kwa shida au haina nguvu, akiruka zaidi valvu inaweza kugonga pistoni. Kwenye rodi taimingi imebaki kwenye gia za chini, hajaigusa. Anabadilisha gasketi, anarudisha rodi zake mbili, anaseti tapeti (uwazi wa valvu), mteja anapiga kiki anaondoka.

Sasa tuseme na ya upande wa pili, maana yapo. Rodi ni uzito unaopanda na kushuka, ukivuta mafuta sana valvu zinashindwa kufuata, kwa hiyo kamshafti ya juu inazunguka kasi zaidi na kwa ulaini. Sheria za moshi nazo zimekaza. Honda Brazil 2004 walileta CG 150 yenye kamshafti juu, na hata Royal Enfield wa India kuanzia 2020 wameanza kuachana na rodi kwenye zile pikipiki zao za cc 350. Na Boxer zimepiga bodaboda miaka na miaka, hilo halina ubishi. Lakini Pakistan CG125 ya rodi imetengenezwa toka 1992 na watu bado wanainunua.

Kinachoharibu jina la rodi kwetu ni vyuma. Nakala nyingi za CG zimetengenezwa kwa bei ya kutupa, kamu laini, ringi za kubahatisha, halafu unaichukua hiyo unaishindanisha na Boxer iliyotengenezwa vizuri unasema rodi mbovu. Hapo umepima kiwanda, hujapima injini.

Kwa hiyo wa mjini, lami tupu, fundi mwenye uzoefu yuko jirani, achukue ya cheni, itamfaa. Anayetoa mahindi shambani, duka la oili liko mbali na fundi ana spana tatu, mimi nitamwambia rodi, ila apige hesabu ya kununua iliyotengenezwa vizuri hata kama bei imezidi, na kabla ya kulipa aiwashe, aiache ipate moto, asikilize tapeti.